Mchumba wa Mbali: Nani Alipe Chakula?

Swali tutakalolipima leo laonekana dogo, hata wazee wengine watashangaa kwamba limepewa nafasi hapa. Kijana na binti wamechumbiana, lakini wanakaa mbali. Tuseme mmoja anafundisha shule Bukene, na mwenzake ni muuguzi Dar es Salaam. Baada ya miezi mingi ya kuzungumza kwa simu, wanaonana. Wanakaa hotelini, wanakula, wanashiba, kisha mtumishi analeta hesabu ya chakula na kuiweka katikati ya meza. Nani alipe?

Wengi watajibu upesi: mwanamume alipe, yamekwisha. Wengine watajibu upesi vilevile: siku hizi watu ni sawa, kila mtu alipe chake. Sisi twaona ya kuwa majibu yote mawili yametolewa kabla swali halijaeleweka. Maana chini ya swali la chakula limo swali zito zaidi, nalo ni hili: mtu anapomlipia mwenzake, ananunua nini? Akijibu kwamba hanunui kitu, je, ni kweli? Na yule aliyelipiwa, anaondoka mezani akiwa huru kama alivyokuja, au anaondoka na deni ambalo halikuandikwa mahali popote?

Kwa sababu ya deni la namna hiyo mabinti wengi wamelazimishwa mambo wasiyoyataka, vijana wengi wamemaliza mishahara yao, na nyumba zingine zimeanza kwa udanganyifu. Basi yafaa tulipime taratibu.

Kungoja si jambo geni kwetu

Watu wa Unyamwezi hawawezi kusema kwamba mapenzi ya mbali yaliletwa na simu. Nchi hii ilikuwa nchi ya wasafiri kabla ya kuwa na barabara. Katika karne ya 19 vijana kwa maelfu walijitwika mizigo ya frasila mbili hivi, yaani kilo 30 na zaidi, wakashuka mpaka Bagamoyo na miji mingine ya pwani. Safari ya kwenda tu ilichukua miezi mitatu hivi. Mwaka 1858 Mwingereza John Speke alitoka Tabora, ambayo katika vitabu vya wasafiri wa siku zile iliitwa Kazeh, akaenda kaskazini mpaka ziwa ambalo yeye alilipa jina la Victoria. Lakini wenyeji na wafanya biashara walikuwa wakizijua njia zile tangu zamani.

Baadaye ikaja reli. Ilifika Tabora kutoka Dar es Salaam mwaka 1912, na tawi la kwenda Mwanza, linalopita Bukene, likafunguliwa mwaka 1928. Mizigo ya kichwani ikapungua, lakini safari hazikupungua. Vijana walikwenda kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, na mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda ofisi ya kuandikisha wafanyakazi, iliyojulikana kwa jina la SILABU, iliyowatafuta watu hata katika mikoa ya mbali. Kwa hiyo babu na bibi zetu walijua maana ya kumngoja mtu ambaye hujui yuko wapi usiku huu.

Na katika siku zile nani alilipa? Mpagazi alirudi na vitambaa vya merikani na kaniki, na shanga. Lakini mwanamke aliyebaki alikuwa amelima, amepalilia, amevuna na kulisha nyumba. Wanawake wengine nao walisafiri katika misafara, wakipika na kubeba. Hakuna aliyesema kwamba mwanamume peke yake ndiye aliyelipa, kwa sababu tu nguo zake zilionekana na jembe la mkewe lilikuwa limesimama pembeni. Kila mmoja alitoa kwa mkono aliokuwa nao.

Maneno manne ya njia ya misafara

Njia ile ya zamani imetuachia maneno ambayo yatatusaidia sana kulipima jambo letu. Tuyachukue manne.

La kwanza ni posho. Mwenye msafara alimpa mpagazi chakula cha kila siku, mara nyingi kwa kipimo cha kibaba cha nafaka, au kitambaa cha kununulia chakula hicho. Posho haikuwa zawadi. Ilikuwa haki, maana anayekutuma kazi yake sharti akulishe. Mpagazi hakuwa na sababu ya kuona haya alipoipokea, wala mwenye msafara hakuwa na sababu ya kujisifu alipoitoa.

La pili ni hongo. Misafara ilipopita katika nchi za watawala mbalimbali, na hasa Ugogo, ilitoa vitambaa na vitu vingine ili iruhusiwe kupita na kuteka maji. Malipo hayo yaliitwa hongo. Mwenye msafara hakutoa hongo kwa kumpenda mtawala. Alitoa ili apate njia, na alipokwisha kutoa aliidai njia ile kama haki yake. Tazama basi jinsi neno lilivyosafiri. Leo hongo ni rushwa. Tena kijana akimmiminia binti vitu ili ampate, watu husema: anamhonga. Lugha yetu yenyewe imelitazama tendo hilo, ikaona ya kuwa ni lile lile la njiani: natoa, basi nipishe.

La tatu ni mahari. Hii hutolewa hadharani, mbele ya wazee, kwa mkono wa mshenga, nayo huhesabiwa na kukumbukwa na pande zote mbili. Katika desturi ya zamani ya Wanyamwezi, ndoa iliyotolewa mahari na ndoa isiyotolewa mahari zilitofautiana hasa katika haki juu ya watoto. Waweza kuisifu mahari au kuilaumu, lakini huwezi kusema kwamba imefichwa. Kila mtu ajua inatolewa kwa ajili gani.

La nne ni chakula cha mgeni. Hiki hakina bei. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo wasemavyo wahenga. Hata utani wa Wanyamwezi na makabila yaliyokaa katika njia ya pwani, kama Wazaramo, ulikuzwa na safari zile. Mtu aliyekuwa mbali na kwao alipata pa kukaa na pa kula kwa watani wake, akatukanwa kidogo, akacheka, akaendelea na safari.

Sasa angalia ugumu wa jambo letu. Posho, hongo, mahari na chakula cha mgeni ni vitu vinne tofauti kabisa, lakini mezani vyafanana. Shilingi ni zile zile, na wali ni ule ule. Kinachovitenga ni nia ya mtoaji na matumaini ya mpokeaji, na mambo hayo mawili hayaonekani kwa macho. Ndiyo maana kijana aweza kudhani ametoa zawadi kumbe ametoa hongo, na binti aweza kudhani amekuwa mgeni kumbe amehesabiwa kuwa mdaiwa.

Umbali unavyoharibu mizani

Wachumba wanaokaa karibu wana njia nyingi za kupimana. Binti amwona kijana akimchukua mama yake mgonjwa hospitali. Kijana amwona binti akigombana na jirani, kisha akipatana naye. Wanaonana katika kazi, katika uchovu, katika msiba. Fedha ni moja tu ya dalili nyingi.

Wachumba walio mbali wanabaki na dalili mbili: sauti na fedha. Tangu mwaka 2008, huduma ya M-Pesa ilipoanza katika nchi yetu, mwaka mmoja baada ya kuanza Kenya, mtu aweza kutuma fedha kutoka Dar es Salaam hadi Bukene kwa muda mfupi kuliko wa kuchemsha chai. Hilo ni jema kubwa, na mama wengi wamenunuliwa dawa kwa njia hiyo. Lakini limewapa wapenzi mizani iliyo tayari mkononi. Upendo unakuja na tarakimu zake, na tarakimu zaweza kulinganishwa: mwezi uliopita na mwezi huu, mimi na rafiki yangu. Punde “hujanitumia” inageuka kuwa “hunipendi.” Basi wanapoonana ana kwa ana, ile hesabu ya chakula inayoletwa mezani haisomwi kama hesabu ya chakula. Yasomwa kama jumla ya mwaka mzima.

Juu ya nauli iliyotumwa

Hapa sharti tuseme juu ya jambo ambalo watu hulifanyia mzaha. Kijana amtumia binti nauli ili aje. Binti haji, na simu haipokelewi. Watu hucheka, husema: amekula nauli.

Kama binti aliipokea nauli akijua moyoni kwamba hatakwenda, hakuna cha kucheka. Amepokea fedha kwa kazi moja akazitumia kwa kazi nyingine, huku akimdanganya mwenye mali. Neno “kula” lalifunika kosa lake kwa utamu, lakini nauli haikuwa chakula. Ilikuwa amana, na amana hurudishwa. Hata kama alikusudia kwenda kweli, akazuiwa na ugonjwa au na kazi, bado yampasa kurudisha, au walau kueleza na kukubaliana.

Lakini kuna kosa la pili, nalo halitiwi katika mzaha kwa sababu ni baya zaidi. Ni la kijana anayesema: nimetuma nauli, nimelipa chumba, nimelipa chakula, basi leo hawezi kunikatalia. Tumjibu kwa ufupi. Nauli hununua kiti katika basi au katika gari moshi. Haimnunui aliyekaa katika kiti hicho. Safari isipofanyika, mtumaji ana haki ya kurudishiwa nauli yake. Safari ikifanyika, nauli imekwisha kazi yake pale stesheni, na mtumaji hadai tena kitu.

Tena tumfikirie binti mwenyewe. Amefika katika mji asioujua. Saa tatu za usiku imepita, na fedha ya kurudia hana, iko mfukoni mwa aliyemwita. Akiulizwa jambo, akasema ndiyo, je, hiyo ni ndiyo ya mtu huru? Mtu ambaye “hapana” yake itamlaza nje hana “ndiyo” iliyo kamili. Kwa hiyo twashika kanuni hii kuwa ya lazima wala si ya adabu tu: anayesafiri kwenda kwa mchumba awe na nauli ya kurudi mkononi mwake mwenyewe kabla hajaondoka kwao. Ikiwa hana, na mwenziwe ndiye anayegharimia safari, basi nauli ya kwenda na ya kurudi zitumwe pamoja. Kijana anayetuma ya kwenda peke yake, akaizuia ya kurudi kusudi, ametega mtego.

Wanaosema mwanamume ndiye alipe

Tusikilize sasa hoja za pande mbili. Wanaosema mwanamume alipe wana hoja zisizo za kudharau.

Wasema: mwanamume ndiye atakayelisha nyumba, basi na aanze sasa. Ni kweli kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yampa mume wajibu wa kumtunza mkewe. Lakini sheria hiyo yasema juu ya mume, haisemi juu ya mchumba. Tena yakubali kwamba mke mwenye uwezo naye ana wajibu wa kumtunza mume ambaye ugonjwa au kilema kimemzuia kujipatia riziki. Kifungu cha 71 cha sheria hiyo hiyo kinasema juu ya zawadi zilizotolewa kwa kutazamia ndoa ambayo haikufungwa: zaweza kudaiwa mahakamani ikiwa mahakama imeridhika kwamba mtoaji alizitoa kwa sharti la ndoa, wala si vinginevyo. Yaani sheria nayo yatofautisha kama tulivyotofautisha sisi. Iko zawadi yenye sharti, nayo yafaa ijulikane hivyo tangu mwanzo, kama vile kishika uchumba kinachopelekwa pamoja na barua ya posa. Na iko zawadi ya kawaida, ambayo ikitoka imetoka. Sahani ya wali haina sharti la ndoa.

Wasema pia: wanawake wengi wana kipato kidogo kuliko wanaume, basi haki yataka mwenye kingi atoe kingi. Hoja hii ni njema, lakini itazame vizuri. Haisemi mwanamume alipe. Yasema mwenye uwezo alipe. Muuguzi mwenye mshahara akichumbiwa na kijana ambaye bado anatafuta kazi, hoja hiyo hiyo yampasa muuguzi.

Tena yafaa tujue kwamba desturi ya mwanamume kulipa hotelini si ya tangu zamani za kale, hata huko ambako wengi hudhani ilitoka. Mwanahistoria Beth Bailey, katika kitabu chake cha mwaka 1988 juu ya uchumba wa Marekani, ameeleza jinsi mambo yalivyogeuka mwanzoni mwa karne ya 20. Kabla ya hapo, katika jamaa nyingi zenye nafasi, kijana alikaribishwa nyumbani kwa binti, akapewa kinywaji cha nyumba ile, mama akiwa karibu. Kisha uchumba ukahamia mjini, kwenye hoteli, michezo na ngoma. Huko kila kitu kilitaka fedha, na mwenye fedha alikuwa kijana. Basi yeye akawa mwenyeji, na uamuzi ukahama pamoja na fedha.

Jambo hilo latuhusu. Huku kwetu pia kijana aliyekwenda kuposa alikuwa mgeni wa nyumba ya binti. Alikaa alipoonyeshwa, alikula alichopewa, aliondoka kwa wakati. Mgeni ana adabu, maana nyumba si yake. Uchumba ulipotoka uani ukaenda hotelini, kijana akawa mwenyeji katika nyumba isiyo yake wala ya binti, na hakuna mzee wa nyumba ile wa kumwambia kwamba sasa inatosha.

Wanaosema kila mtu alipe chake

Hawa nao wana neno la kweli. Wanataka binti asiwe mdaiwa wa mtu, na kijana asiwe mfuko wa mtu. Heri binti anayelipa nusu akarudi kwao salama kuliko anayelishwa akadaiwa nafsi yake.

Lakini kanuni yao ina kasoro mbili. Ya kwanza ni kwamba inahesabu kinachoonekana mezani tu. Tuchukue mfano. Binti ametoka Dar es Salaam mpaka Bukene. Tuseme nauli yake ya kwenda na kurudi ni shilingi 80,000, naye ameilipa mwenyewe. Chakula cha wote wawili ni shilingi 30,000. Wakigawana nusu kwa nusu, kila mmoja ametoa 15,000, nao watasema: tumelingana. Kumbe binti ametoa 95,000 na kijana ametoa 15,000, tena bila kuhesabu siku za likizo na usingizi wa njiani. Usawa wa mezani umeficha tofauti ya safari.

Ya pili ni kwamba watu wanaolipana papo hapo kila mara hawajawahi kuaminiana. Mfilosofa Mrumi Seneca, aliyeishi katika karne ya kwanza, aliandika kitabu kizima juu ya fadhila, na Tomaso wa Akwino katika karne ya 13 aliyachukua mafundisho mengi yake. Wote wawili waliona kwamba shukrani hutazama moyo wa mtoaji kuliko ukubwa wa kitu, na kwamba mtu anayekimbilia kurudisha fadhila mara moja afanana na mdaiwa anayechukia kuwa na deni. Liko deni la malipo, ambalo lina kiasi na siku. Na liko deni la shukrani, ambalo hulipwa kwa hiari, kwa wakati ufaao, kwa njia aipendayo anayeshukuru. Wachumba wanaoogopa hata deni la shukrani watawezaje kuishi pamoja miaka 40, ambapo mmoja atamwuguza mwenzake bila kuandika saa?

Maoni yetu

Sisi twashika hivi: mwenyeji amlishe mgeni. Aliyesafiri, awe mwanamume au mwanamke, amekwisha kutoa sehemu yake njiani. Aliyekutwa kwao aandae chakula, na safari ijayo zamu ibadilike. Kijana wa Bukene akienda Dar es Salaam, binti amlishe, wala kijana asione ya kuwa amevuliwa uanaume. Amekuwa mgeni tu, kama babu yake alivyokuwa mgeni wa watani wake katika njia ya pwani.

Faida ya kanuni hii ni kwamba yageuza hongo kuwa ukarimu. Mgeni hana deni ila shukrani na zamu ya kukaribisha. Na kama ukaaji unarefuka, wahenga wamekwisha kusema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Anayekaa wiki nzima aingie jikoni au aende sokoni, naye atoe.

Mtu atapinga: vipi kama mmoja tu ndiye anayeweza kusafiri siku zote, kwa kuwa mwenziwe hapati likizo? Hapo zamu haitabadilika kamwe, na kulisha peke yake hakutoshi, maana gharama kubwa ni nauli. Basi na wagawane nauli kwa kadiri ya kipato chao, wakikubaliana mapema na kwa maneno ya wazi. Na wakikutana katikati ya njia, tuseme Dodoma, ambapo hakuna aliye mwenyeji, kila mmoja achangie kwa uwezo wake. Mazungumzo hayo yana aibu kidogo mara ya kwanza. Lakini wasioweza kuzungumza juu ya shilingi 30,000 wakiwa wachumba watazungumzaje juu ya ada za shule na matibabu ya wazazi wakiwa mume na mke?

Tena kuna majaribio mawili ambayo kila mmoja ajifanyie kimya kimya. Anayelipa ajiulize: kesho asubuhi mwenzangu akisema, “Asante kwa yote, lakini nimeona hatutafaana,” nitafanya nini? Kuhuzunika ni haki yako, maana umempoteza mtu. Lakini ukiona moyo wako waanza kuhesabu sahani na chupa za soda, ujue ulikuwa ukitoa hongo. Naye anayelipiwa ajiulize: ningekuwa ninalipa mimi, ningeagiza hiki nilichoagiza? Na mwenzangu akinipeleka kwa mama lishe badala ya hoteli ya ghorofa, nitakula kwa furaha ile ile?

Jaribio hilo la pili latufikisha kwa kijana maskini, ambaye twamhurumia sana. Ana haya. Mchumba anakuja kutoka mjini, naye anakopa kwa rafiki watatu ili ampeleke mahali pazuri. Hakusema uongo kwa kinywa, lakini ameusema kwa sahani. Binti anarudi akiamini kwamba huo ndio uwezo wake, na siku ya ndoa atalikuta deni limekaa nyumbani likimngoja. Uchumba ni wakati wa kujuana, na ukweli juu ya uwezo wa mtu ni sehemu ya kumjua. Chakula cha uchumba kifanane na chakula ambacho nyumba yenu itaweza kukipika. Binti atakayeondoka kwa sababu ya dagaa ni afadhali aondoke sasa.

Mwisho twasema na wazazi. Mara nyingi mwalaumu kwamba vijana wanakutana hotelini na katika nyumba za wageni. Lakini kijana wa watu akitoka mbali, mlango wa kwenu wafunguliwa? Binti wa mbali akishuka stesheni ya Bukene, yuko shangazi wa kumpokea na kumpa mahali pa kulala pamoja na binti za nyumba? Mkimwachia kijana peke yake gharama ya kumkaribisha mgeni, msishangae akijiona mwenye mali. Mpikieni mgeni huyo. Mtaupata nafasi ya kumwona akila, akisema, akijibu watoto, na hayo yatawafundisha mengi kuliko picha zilizotumwa kwa simu. Meza ya nyumbani haina hesabu inayoletwa mwishoni, na wanaoketi pale wote wajua ni nani mgeni na ni nani mwenyeji.

Basi ule, ushukuru, na kesho umkaribishe mwenzako. Na kabla sufuria haijainjikwa, ulizeni kwanza kama mgeni anayo nauli yake ya kurudi.